Sheria Ianzie Chini ya Kiti

Abiria akiingia kwenye matatu hutazama kama kiti ni safi na kama dirisha linafunguka. Mimi hutazama chini, pale miguu ya kiti inapokutana na sakafu. Ni mazoea ya kazi. Nashona na kufunga viti vya magari Kariobangi Light Industries, na nilianza zamani, Nissan zikipakia watu 18 ndani na wengine wakining'inia mlangoni. Nikiona bolti nene yenye washa pana, nakaa. Nikiona mguu umechomelewa juujuu kisha ukapakwa rangi nyeusi ili kasoro isionekane, nashuka. Makanga hunisindikiza na neno la kunikera, anaita mwingine, na kiti kinajaa.

Nataka kusema jambo kuhusu sheria, maana kila tukizika watu tunazungumzia sheria, na kila mara tunaianzia palepale: kwa dereva. Alfajiri ya 31 Desemba 2017 watu 36 walikufa Migaa, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Serikali ikapiga marufuku mabasi ya usiku, na marufuku yenyewe haikukaa. Tarehe 30 Juni 2023 lori lilitoka njiani kwenye makutano ya Londiani likaua watu zaidi ya 50, wakiwemo waliokuwa kando ya barabara wakiuza bidhaa au wakingoja gari. Tukalaumu madereva, tukalaumu wachuuzi, tukanyamaza. Mwaka 2024, kwa hesabu ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, yaani NTSA, barabara za Kenya ziliua watu 4,748. Gawanya mwenyewe: ni karibu watu 13 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Madereva wana makosa, sibishi. Nimeendeshwa na wengine ambao nisingewapa hata mkokoteni. Lakini sheria yetu ikishaandikwa hukabidhiwa watu wawili, askari na makanga, wamalizane kando ya barabara. Na wanamalizana kweli. Nani anayeishi Nairobi hajaona noti iliyokunjwa ikitolewa dirishani, gari likiwa halijasimama sawasawa? Sheria inayongoja gari lifike kizuizini imechelewa. Gari hilo lilitoka kwa fundi, likapita ukaguzi, likapewa leseni, likaingia kwenye sacco, ule ushirika wa wenye matatu. Huko kote hakuna aliyelishika.

Najua kwamba inawezekana kulishika mapema kwa sababu niliona kwa macho. Marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi nilikuwa kijana, nafanya kazi kwa mzee mmoja aliyenifundisha kukata leza, ile ngozi ya kufunika viti, bila kuharibu. Kanuni za Michuki zilitangazwa 2003, Notisi ya Kisheria nambari 161, na tarehe ya kuanza ikawekwa 1 Februari 2004. Nissan ibebe abiria 14, mwendo usipite kilomita 80 kwa saa na gavana ifungwe ya kuubana, kila kiti kiwe na mkanda, mstari wa njano ubavuni, sare kwa dereva na makanga. Wengi hukumbuka matatu zilivyopotea barabarani na watu wakatembea kwa miguu kutoka Eastlands hadi mjini. Mimi nakumbuka foleni nje ya kibanda chetu. Januari yote tulilala saa mbili, saa tatu tu. Mikanda iliadimika hadi watu wakaikata kwenye magari mabovu. Mafundi ambao hawajawahi kushika mkanda walikuwa wanauliza upande gani ni wa juu. Wenye magari walilia, walitukana, walisema waziri amewehuka, wakalipa.

Walilipa kwa sababu hapakuwa na njia ya kuzunguka. Tarehe ilitajwa na haikusogezwa, na gari lisilo na viti vinavyotakiwa halikupata ruhusa ya kubeba watu. Michuki hakuwa mtu wa kubembelezwa. Sikumpenda, niseme ukweli, alikuwa na ukali uliowaumiza wengi wasio na hatia, lakini katika wiki chache alibadilisha umbo la ndani la kila matatu nchini. Hotuba za usalama nilizozisikia tangu hapo hazijabadilisha hata skrubu.

Kisha ikaoza polepole. Mikanda ilibaki kwa sababu iko kwenye orodha ya ukaguzi, ila ikawa mapambo. Mingi ni ya kiunoni tu, imekauka kwa jasho na vumbi, na ukiifunga ukiwa na shati jeupe utajuta. Tukikaribia kizuizi makanga anapiga kelele, "Fungeni mikanda, kuna karao hapo mbele!" Tukishapita, klik klik klik, gari zima linafungua. Kwa hiyo mkanda tumeuelewa kuwa ni kitu cha kumkinga makanga dhidi ya polisi.

Nirudi kwa viti, maana huko ndiko ninakojua.

Matatu nyingi za abiria 14 hazikuja nchini zikiwa za abiria. Zililetwa kutoka Japani zikiwa vani za mizigo, nyuma tupu, ubavu wa bati bila dirisha. Fundi wetu hapa anakata bati, anatia vioo, anatoboa sakafu, anafunga viti. Kiti chenyewe ni paipu za mraba, plaiwudi, sponji na leza. Sakafu ya vani ilitengenezwa kubeba magunia na masanduku yanayokaa juu yake. Haikutengenezwa kushikilia kiti chenye watu watatu siku gari linapogonga. Mambo mawili hayo ni tofauti kabisa, na hapo ndipo watu wanapokufia.

Binti yangu anasomea uhandisi. Jioni moja nilimuuliza kiti kinavutwa kwa nguvu gani gari likigonga. Akachukua chaki ninayochorea leza akaandika kwenye kipande cha plaiwudi. Gari linaenda kilomita 50 kwa saa, linagonga kitu kisichosogea, pua yake inakunjika nusu mita kabla halijasimama. Kila kilichofungwa ndani kinavutwa mbele kwa nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake. Mtu wa kilo 70 anakuwa karibu tani moja na nusu. Kiti cha watu watatu, na mikanda yao imefungwa kwenye kiti chenyewe, ni zaidi ya tani nne zinazong'oa miguu minne. Hiyo ni kilomita 50 tu, mwendo ambao dereva wetu akiuona kwenye dashibodi anadhani amesimama. Mwendo ukizidi mara mbili, kishindo kinazidi mara nne.

"Mama, zako zinashikilia wapi?" akaniuliza.

Zangu zinapita sakafu, zinapita bamba la chuma chini yake, zinashika chesisi, yaani fremu ya gari. Tofauti ya bei ya bolti hizo na zile nyembamba, kwa gari zima la watu 14, haifiki nauli ya kwenda Mombasa. Lakini hakuna anayenilazimisha mimi wala jirani yangu kuziweka. Kijana alikuja juzi na gari jipya, heshima zote, amenibebea hata soda. "Mathe," akasema, "niwekee tu ile itapita ukaguzi." Nikamwambia, "Kijana wangu, kupita ukaguzi si shida. Shida ni kupita Salgaa, kule kwenye ajali nyingi." Alicheka. Nilimfungia ninavyofunga mimi, akalipa akinung'unika. Wengine hawalipi, wanavuka barabara wanaenda kwa anayekubali.

Na kuna mchezo mwingine unaojulikana na kila mtu katika biashara hii. Gari likienda kukaguliwa linapambwa kama bibi harusi: tairi za kukodi, kizima moto cha kukodi, mikanda mipya, gavana inayofanya kazi. Likirudi na karatasi, vitu vinavuliwa kimoja kimoja vinangoja gari lingine. Gavana ina swichi iliyofichwa chini ya dashibodi. Mwenye nganya, ile matatu ya mapambo, ana hela za skrini, ana hela za spika za kutikisa vioo vya Tom Mboya Street, ana hela za mchoraji bora wa jiji, lakini ukimtajia mkanda wa kupita kiunoni na begani anauliza kama hakuna wa bei ya chini.

Sitaki mtu anihubirie kuhusu tamaa za wenye magari. Tamaa ipo kila nchi. Marekani miaka ya sitini walikuwa wanazungumza kama sisi: dereva mzembe, dereva mlevi, mfundisheni dereva. Mwaka 1965 mwanasheria kijana, Ralph Nader, akatoa kitabu akisema magari yenyewe yameundwa vibaya na kampuni zinajua. General Motors wakaajiri wapelelezi wa kumfuata wakitafuta aibu zake, na Machi 1966 mkuu wa kampuni hiyo, James Roche, akalazimika kuomba msamaha mbele ya Seneti. Septemba mwaka huohuo Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria iliyoipa serikali mamlaka ya kuweka viwango vya gari kabla halijauzwa. Viwango vya kwanza vikaanza kutumika 1967 na 1968, vikiwemo vya mikanda na mahali inaposhikilia. Mkanda wa kiunoni na begani wakati huo haukuwa siri. Nils Bohlin wa Volvo aliuunda 1959 na kampuni ikaruhusu wengine wautumie. Kilichokuwa kinakosekana ni sheria ya kumwambia mtengenezaji: bila hiki, huuzi.

Hapa kwetu mtengenezaji ni nani? Wajapani walitengeneza vani, na kwa kazi ya vani ilikuwa nzuri. Aliyetengeneza matatu ni mimi, na welda wa jirani, na yule wa vioo. Sheria ya Trafiki inamjua dereva, inamjua makanga, inamjua mwenye gari. Mimi hainisumbui. Naweza kufunga kiti kwa waya leo, gari lipinduke kesho, na hakuna atakayebisha mlangoni pangu.

Tena kiwango kipo. Kinaitwa KS 372, cha Shirika la Viwango, KEBS, na kinaeleza jinsi bodi ya gari la abiria inavyopaswa kujengwa. Uliza mafundi hapa Light Industries wangapi wamekisoma. Viwango huuzwa, na vimeandikwa Kiingereza cha wahandisi. Fundi aliyeishia darasa la nane na ambaye mikono yake inabeba roho za watu 14 kila gari anatakiwa anunue karatasi ambayo hawezi kuisoma. Serikali ikitaka kuanzia mahali pa rahisi, ianzie hapo: itoe bure, kwa Kiswahili, na michoro mingi. Sisi tunasoma michoro vizuri kuliko mawakili.

Kuna mtu atasema wengi wanaokufa hawakuwa ndani ya gari, na ni kweli. Katika hesabu ya NTSA watembea kwa miguu ndio huongoza, kisha watu wa pikipiki. Navuka barabara ya Outering karibu kila siku na sihitaji takwimu. Walipoipanua, kilomita 13 kutoka Allsops kupita Donholm kwenda upande wa uwanja wa ndege, magari yalianza kukimbia kabla madaraja ya kuvukia hayajakamilika. Watu walivuka kama walivyozoea, ila barabara haikuwa ile waliyoizoea. Sheria yetu inasema ndani ya mji mwendo ni kilomita 50. Umewahi kuona gari likienda 50 Outering saa nne usiku? Ukimjengea dereva uwanja wa ndege kisha ukabandika kibao cha 50, umemwandikia mzaha. Kanuni ninayoitaka hapo ni fupi: barabara isifunguliwe kwa magari kabla ya vivuko na taa za watu wa miguu kuwepo, na mhandisi aliyetia saini awajibike kwa jina lake.

Boda boda sina mengi. Tangu marekebisho ya 2012 sheria inataka helmeti na koti la kung'aa, na abiria mmoja tu. Kigali abiria wa pikipiki anapewa helmeti kabla hajakaa na hakuna anayeshangaa. Hapa tunabeba watatu, na kreti ya mayai.

Na watoto. Hili linaniuma kuliko mengine, labda kwa sababu ni mimi ninayeshona kile kiti na najua hakuna nafasi ya mtoto niliyowahi kuombwa kuiweka. "Mama, pakata mtoto." Ndiyo nauli ya mtoto wetu, magoti. Kwa hesabu ile ya chaki, mtoto wa kilo 10 katika mgongano wa kilomita 50 anakuwa kilo 200. Hakuna mama duniani mwenye mikono ya kushika kilo 200. Si kwamba hampendi mtoto wake, hawezi tu. Mabasi ya shule tuliambiwa yapakwe rangi ya njano, na yakapakwa. Ndani ya njano hiyo nimeona kiti cha watatu kikikaliwa na watano, kwa hoja kwamba wao ni wadogo.

Miaka kadhaa nyuma matatu nyingi zilibandikwa stika za Zusha, za kumwambia abiria apaze sauti dereva akienda vibaya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown walizijaribu, na katika jaribio la kwanza madai ya bima kwa magari yenye stika yalipungua kwa nusu au zaidi. Nilifurahi, na mimi mwenyewe ni wa kupaza sauti. Lakini abiria hawezi kuzushia bolti asiyoiona. Hawezi kukagua breki akiwa amekaa siti ya nyuma na mfuko wa sukuma wiki mapajani. Kuna kazi ni ya abiria, na kuna kazi ambayo mtu analipwa mshahara wa serikali aifanye.

Mwaka 2025 serikali ilitoa rasimu za kanuni mpya ili wananchi watoe maoni, zikiwemo za ukaguzi wa magari na za usafiri wa wanafunzi. Nilituma maoni yangu, binti akiandika na mimi nikisema. Niliomba wanaobadilisha vani kuwa matatu wasajiliwe, na kila mmoja awe na nambari inayopigwa chapa chini ya kila kiti anachofunga. Kiti kiking'oka, wafuate nambari. Niliomba gari la abiria likaguliwe pia kwa ghafla, steji, siku ambayo mwenyewe hajaichagua, ili biashara ya kukodisha tairi ife njaa. Niliomba vani inayoingizwa kupitia Mombasa kwa ajili ya kugeuzwa matatu isipewe usajili wa abiria mpaka sakafu na mahali pa mikanda papimwe. Na tarehe. Wakitaja tarehe, wasiisogeze hata kidogo, maana mwenye gari akishaona tarehe moja imesogea hatanunua mkanda tena maishani.

Jirani yangu wa welda alikasirika aliposikia. Anasema nataka kuwafungia kazi mafundi wadogo wa jua kali ili matajiri wa viwanda vikubwa wachukue. Hofu yake naielewa. Tumeona kanuni nyingi zikitumika kumnyima mtu mdogo riziki, na leseni zikigeuzwa mtego wa kuchota hela. Ndiyo maana nasema kiwango kiwe bure, usajili uwe wa bei ya fundi, na kwanza watufundishe, kisha ndiyo watushike. Lakini pia nilimwambia kwamba 2004 tulipata kazi ya mwaka mzima ndani ya mwezi mmoja. Sheria kali iliyo wazi inatuletea wateja. Inayotuua ni hii ya sasa, ambapo anayefunga vizuri anashindwa bei na anayefunga kwa waya.

Hajakubali, ila amesema atakuja kusikiliza. Tunakutana Jumamosi saa tisa kwenye kibanda changu, mafundi wa viti, wa bodi na wa vioo, kuandika barua moja kwa mbunge na nakala kwa NTSA. Mwenye matatu anayetaka kuja aje, hatutamla. Aje na gari lake, nami nitamwinulia zulia aone mwenyewe viti vyake vimeshikilia wapi.